Tahadhari kwa wanunuzi wa saa: "Speedmaster" ya milioni mbili na nusu ni feki

Ndugu zangu wapenda saa, hasa mlioko Dar es Salaam, Arusha na Zanzibar, yupo muuzaji anayejitangaza Instagram na kwenye magrupu ya WhatsApp kuwa ana Omega Speedmaster, saa ya Uswisi ya aina ya kronografu, "orijino kutoka Dubai" kwa shilingi milioni 2.5 hadi 3. Msimtumie hela. Mimi ni fundi saa, na saa alizouza zimeshafika mezani kwangu, zikiletwa na watu waliodhani zina hitilafu ndogo tu. Kila niliyoifungua ni feki. Simtaji jina kwa sababu akaunti yake ikichafuka anafungua nyingine yenye jina jipya. Ukikariri jina la leo, kesho atakupita hivi hivi. Mjueni kwa mwenendo wake.

Wateja wake si wajinga. Wengi ni watu waliokaa muda wakijiuliza swali ambalo hata mimi naulizwa kila mara: "Fundi, ninunue kronografu ya bei nafuu sasa hivi, au nijikusanye nipate ya maana?" Ni swali la haki kabisa, na lina majibu mawili mazuri. Huyu bwana anauza jibu la tatu: kwamba ya maana inapatikana kwa bei ya kujibana kidogo tu. Hapo ndipo hela za watu zinapopotelea. Kwa hiyo nieleze kwanza pande zote mbili zilivyo, maana ukizijua, tangazo lake utalikataa kabla hujamaliza kulisoma.

Tuanze na ya bei nafuu. Kronografu, kwa asiyeifahamu, ni saa yenye kipimamuda ndani yake: kitufe cha juu kinaanzisha na kusimamisha, cha chini kinarudisha mishale sifuri. Ya mitambo, isiyo na betri, ya kutia ufunguo kwa mkono, utaipata mpya kwa dola 200 hadi 350 hivi, yaani laki tano mpaka tisa za kwetu. Maarufu kuliko zote ni ile ya Kichina, Sea-Gull 1963, pamoja na nyingine zinazotumia mashine hiyo hiyo kwa majina kama Sugess na Seakors. Mashine hiyo ni ST19, inatengenezwa Tianjin. Asili yake ni Uswisi, inaitwa Venus 175. Wachina walinunua vifaa vya kuitengenezea mwanzoni mwa miaka ya 1960 ili wapate saa za marubani wa jeshi lao la anga. Kazi ya kuanzisha na kusimamisha kipimamuda inaendeshwa na gurudumu dogo lenye vinguzo vilivyosimama, mtindo wa kizamani ambao kwa Waswisi wengi leo unalipiwa ghali. Mimi naipenda mashine hii na nasema bila kusita. Ina mapungufu yake: ikitoka kiwandani mara nyingi inakimbia au inachelewa mpaka fundi airekebishe, na haitaki maji, kwa hiyo usiogelee nayo. Lakini ikifa kabisa, mashine nzima unaagiza nyingine bila kuuza kiwanja.

Upande wa pili ndio Speedmaster yenyewe. Ilitoka 1957, NASA wakaipitisha 1965 baada ya kuitesa kwa joto, baridi na mtikisiko, na Julai 1969 mwanaanga Buzz Aldrin alitembea nayo mwezini. Mpya leo inazidi dola 7,000. Iliyotumika, ikiwa nzima na safi, ni nadra kuipata chini ya dola 4,000, yaani milioni kumi na kitu. Unalipia ufundi wa kumalizia kila kipande, historia, na kwa zile za kuanzia 2021 zenye mashine 3861, vipimo vikali vya usahihi na uwezo wa kuhimili sumaku ya gauss 15,000. Na ujue kuwa kuipeleka sevisi kwa fundi aliyeidhinishwa na Omega ni mamia ya dola kila baada ya miaka kadhaa. Anayeiweza hiyo, ni saa ya kumwachia mwanao.

Sasa angalieni nafasi iliyopo kati ya laki tisa na milioni kumi. Zipo kronografu halali humo, za Hamilton na Tissot kwa mfano, zenye mashine zilizotokana na ile ya Uswisi iitwayo Valjoux 7750. Speedmaster ya kutia ufunguo ya milioni mbili na nusu haimo. Ukiikuta, ama imeibwa, ama imeungwaungwa kwa vipande vya saa tofauti, ama ni feki. Muuzaji huyu ameichagua bei hiyo makusudi. Angesema laki tatu, kila mtu angejua ni kopi. Anasema milioni mbili na nusu ili uumie kidogo, na maumivu hayo ndiyo yanayokufanya uamini.

Niwaonyeshe moja. Dada mmoja alikuja na "Speedmaster" ambayo yeye na ndugu zake walichangishana kumnunulia baba yao anayestaafu. Tatizo, alisema, mshale mdogo wa duara ya chini, penye namba 6, haurudi sifuri sawasawa. Niliifungua mbele yake. Kwenye daraja la mashine, bamba linaloshikilia magurudumu, pameandikwa Omega na namba 1861, herufi zimekaa vizuri tu. Nikaweka lenzi jichoni, nikatafuta sehemu inayoongoza kipimamuda. Nikakuta gurudumu la vinguzo. Omega iliachana na gurudumu hilo kwenye Speedmaster mwaka 1968 ilipoingiza mashine 861, na 1861 iliyofuata inatumia kamu, kipande bapa kilichokatwa kwa umbo lake. Mashine 1861 yenye vinguzo haijawahi kutengenezwa. Niliyokuwa nayo mkononi ilikuwa ST19 ya Tianjin iliyoongezewa magurudumu ili uso wake uwe na duara tatu kama Omega, na nyongeza hizo ndizo zilizokuwa zinasumbua. Kwa maneno mengine, watoto wale walilipa milioni 2.8 wakapata mashine ambayo ndani ya saa yake halali ingewagharimu laki saba, tena ingefanya kazi vizuri zaidi. Baadaye ikaja saa nyingine, ya kijana mwingine kabisa asiyemfahamu yule dada. Namba iliyochongwa nyuma ya mguu wa saa, pale mkanda unaposhikia, ilikuwa ile ile, tarakimu kwa tarakimu, na kadi zao za dhamana zinafanana mpaka tarehe.

Hayo ya ndani yanahitaji fundi. Haya unaweza kuyaangalia mwenyewe kabla hela haijatoka. Speedmaster Moonwatch ya kawaida, yaani ile ya mwezini, inatiwa ufunguo kwa mkono na haina dirisha la tarehe. Ukiitikisa ukasikia kitu kinazunguka ndani, au ukaona tarehe, rudisha. Akikwambia ni ya 2021 kuja mbele, vuta kile kifundo cha kutilia ufunguo: mshale mdogo wa sekunde lazima usimame. Ya kioo cha plastiki, wanachokiita hesalite, ina alama ndogo sana ya Omega katikati ya kioo chenyewe, huioni mpaka utumie lenzi. Kisha anzisha kipimamuda, iache saa itembee nusu saa nzima huku mnaongea. Mshale wa duara ya kulia uwe umemaliza mzunguko wa dakika 30, na ule wa chini uwe umesogea kidogo kutoka sifuri. Bonyeza kusimamisha, bonyeza kurudisha. Mishale yote irudi sifuri kwa mpigo mmoja. Muuzaji asiyekuruhusu kukaa nusu saa na saa ya mamilioni ameshakujibu.

Huyu hakuruhusu. Ukimwomba mkutane kwa fundi anasema ukifungua mfuniko dhamana inakufa. Ukimwomba video ya mashine anatuma picha za kwenye matangazo ya watu wengine. Ukitaka risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, anasema mzigo ni wa binafsi. Kisha linakuja la forodha: anachukua nusu ya hela kwanza, baada ya siku mbili tatu anadai mzigo umekwama uwanja wa ndege na inahitajika nyongeza ya kuukomboa. Ushuru wa forodha unalipwa serikalini kwa namba ya malipo, haulipwi kwenye laini ya simu ya mtu. Na kila mara jina linalotokea unapotuma hela halifanani na jina la "duka". Jina hilo likitofautiana, simama hapo hapo. Usikubali hadithi ya kwamba ni laini ya mhasibu au ya mke wake.

Siku za karibuni ameongeza mambo mawili. La kwanza ni Daytona, kronografu za Rolex, za "milioni nne". Rolex haiuzi mtandaoni, na Daytona ya chuma iliyotumika kwa kawaida inauzwa juu ya bei ya dukani kwa sababu foleni ya kuisubiri ni ndefu, kwa hiyo bei hiyo peke yake inatosha. Kama unataka ushahidi wa macho: Daytona zilizotoka kuanzia 2000 zina mshale mdogo wa sekunde kwenye duara ya chini, penye namba 6. Za kwake nilizoziona, duara ya chini imelala tu, na sekunde zinatembea kwingine.

La pili linawaumiza wale wa bei nafuu, na linaniudhi zaidi maana ni watu wa mshahara mdogo. Anauza kronografu za betri akiziita za mitambo, kwa laki sita na saba. Ndani zina mashine ya Seiko ya familia ya VK, ambayo ni mashine nzuri na ya uaminifu ikiuzwa kama ilivyo, kwa bei yake ya chini. Ujanja ni kwamba mshale mkubwa wa kipimamuda unateleza kama wa saa ya ufunguo, kwa hiyo video inavutia. Angalia sekunde ndogo za kawaida: zikiruka moja, moja, moja, hiyo ni betri. Na kama duara mojawapo ni ya saa 24 inayofuata mshale wa saa tu, uliza maswali zaidi.

Najua kwa nini watu wazima wenye akili zao wanamkimbilia. Tumekua tukisikia kuwa rahisi huvunja upishi, basi mtu akivaa saa ya laki saba anaona kama atachekwa harusini au ofisini. Hakuna cha kuchekwa. Sea-Gull halali yenye jina lake mwenyewe usoni ni saa ya heshima. Nimezirekebisha na zimerudi kwa wenyewe zikienda vizuri. Feki ya milioni tatu ndiyo itakayokuaibisha, siku utakapotaka kuiuza au kuipeleka sevisi na mwenye duka akairudisha bila kuigusa. Kama una laki nane, nunua ya laki nane na ubaki na hela ya kuirekebisha. Kama moyo wako uko kwa Speedmaster, usiupoze kwa kopi. Weka akiba, nunua kwa muuzaji aliyeidhinishwa au iliyotumika kutoka kwa mtu anayekubali fundi wako aifungue kabla ya malipo. Ukinunulia Dubai, ingia dukani mwenyewe au mtume ndugu unayemwamini, na upewe risiti yenye namba ya saa hiyo hiyo.

Kwa waliokwisha kuuziwa: msiiuze kwa mwingine ili mrudishe hela. Hifadhini meseji zote, picha za tangazo, na jina lililotokea kwenye muamala. Toeni taarifa polisi, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ipo kwa ajili ya mambo haya, na bidhaa bandia ziripotiwe pia Tume ya Ushindani, FCC. Namba anayotumia kutapeli ipelekeni 15040 ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Walio Kenya, maana anasema anatuma mpaka Mombasa na Nairobi, nendeni kwa mamlaka yenu ya kupambana na bidhaa bandia. Na ninyi mliotuma nusu mkasubiri mzigo wa forodha, msitume hiyo nusu iliyobaki hata akiwatumia picha ya boksi lenye jina lako. Pigieni simu kampuni ya mtandao wenu leo, muombe muamala uzuiliwe; kadiri mnavyochelewa ndivyo hela inavyotolewa kwa wakala.