Mafunzo ya bastola Tabora: haraka nyingi, nguo hawakunifundisha

Naandika nikiwa bado na hasira. Hela niliyolipa si kidogo.

Nanunua asali huko Sikonge, na warina wengi wanataka fedha mkononi. Kibali cha bastola nilikipata kwa kufuata Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, na nilihojiwa mpaka nikachoka. Kwenye mafunzo haya nilitaka jambo moja tu: kuitoa silaha iliyofichwa chini ya nguo bila kujiumiza wala kuumiza mtu.

Asubuhi, mwalimu, afande mstaafu, akatuamuru tuchomekee mashati, ala, yaani mfuko wa bastola, iwe nje kiunoni kama askari wa doria. Nikanyoosha mkono. "Afande, mimi naivaa ndani ya blauzi. Nguo naiondoaje?" Akanitazama juu mpaka chini. "Mama, jambazi hakusubiri ufunue blauzi. Vaa kama wenzako, au mwachie mumeo hiyo silaha." Wakacheka. Mume wangu ni marehemu.

Kisha ikatoka saa ya kupimia, na kelele za "futi 21!" Habari ya futi 21 ninaijua. Dennis Tueller, sajenti wa polisi wa Salt Lake City, aliandika mwaka 1983 kwamba mtu mwenye kisu hukimbia umbali huo, kama mita 6.4, kwa sekunde moja na nusu hivi, muda uleule anaouhitaji mpigaji mzuri kuchomoa na kufyatua. Lakini aliyekuwa akimfikiria ni askari ambaye ala yake iko wazi! Sisi wa kuficha tunaanza na kitambaa. Na Tueller mwenyewe alisisitiza kuweka kizuizi kati yako na adui, na kuondoka mapema ukiweza. Hayo afande hakuyagusa.

Matokeo yake tukawa tunashindana na saa. Risasi zangu zikachimba udongo mbele ya shabaha, kwa sababu triga ukiivuta kwa papara mtutu unainama. Mwenzetu mmoja risasi ilimtoka bastola ikiwa bado inapanda, ikaingia ardhini karibu na kiatu chake. Kidole kilikuwa kwenye triga tangu kwenye ala. Afande akasema, "Utazoea." Utazoea! Mtu amekaribia kupoteza mguu!

Nakiri kulikuwa na kijana msaidizi, mpole, ambaye wakati wa chakula alinivuta pembeni. Risasi zote tukaziacha kwenye gari. Magazini, kile kikasha cha risasi, nje; chemba, pale risasi inapokaa tayari kufyatuliwa, akaikagua kwa macho na kwa kidole, akanikabidhi nami nikakagua tena. Mkono wa kushoto unakamata pindo la blauzi, unalivuta mpaka kifuani na kulishikilia hapo. Wa kulia unashika mpini sawasawa bastola ikiwa bado ndani ya ala, maana mshiko ukitoka vibaya hakuna muda wa kuurekebisha. Kidole kimenyooka ubavuni, hakigusi triga mpaka macho yako kwenye shabaha. Kurudisha ni polepole sana, ukihakikisha pindo halijaingia kwenye ala, kwa sababu kitambaa kinaweza kuivuta triga. "Dada, usitafute kasi," akasema. "Rudia taratibu, bastola tupu, kila siku kidogo." Mchana ule nikapiga bila saa, risasi zikakaa kwenye karatasi.

Kwa ajili yake nilitaka kutoa nyota tatu. Hata nikafikiria kuwaambia nendeni, ila mumuulizie yeye.

Halafu nikapiga simu kudai nusu ya ada. Afande akanijibu kwamba fomu inasema hairudishwi, na kwamba wanawake tunalalamika sana. Basi, nyota moja, na hiyo ni ya kijana. Ninyi mnaobeba ndani ya nguo, msiende. Kijana akianzisha ya kwake, mimi wa kwanza kulipa.