Siku nane kwenye makanisa saba ya Ufunuo: uzoefu wangu Uturuki

Nimefundisha shule ya Jumapili Moshi kwa miaka 11, na kila tulipofika sura ya tatu ya Ufunuo, kitabu cha mwisho cha Biblia chenye barua kwa makanisa saba, nilieleza neno "vuguvugu" (kanisa la Laodikia linaambiwa si baridi wala si moto) kwa mfano wa chai iliyopoa. Oktoba iliyopita nilisimama Laodikia, karibu na mji wa Denizli magharibi mwa Uturuki, mbele ya mabomba ya kale ya maji. Ndani yameganda chokaa, tabaka juu ya tabaka, hadi tundu limekuwa dogo kama ngumi ya mtoto. Nikajua nilikuwa nafundisha nusu ya somo.

Mwongoza watalii wetu, Mwislamu wa huko huko aliyezijua zile barua saba kuliko wengi wetu, alitueleza hivi. Ng'ambo ya bonde iko Hierapoli, yenye chemchemi za moto ambazo watu walizifuata kwa tiba. Upande wa pili, chini ya mlima Honaz, ilikuwa Kolosai yenye maji baridi ya kunywa. Laodikia ilikuwa tajiri, lakini maji yake yalivutwa kwa mabomba kutoka mbali, yamejaa chokaa. Kwa hiyo, kwa mujibu wa wafasiri wengi, "baridi" katika barua ile si tusi hata kidogo. Moto unaponya, baridi inaburudisha, vuguvugu halina kazi. Wanafunzi wangu niliwaambia kinyume chake miaka yote hiyo, kwamba baridi ni mtu asiye na imani.

Sasa lililoniuma. Tulikuwa watu 22, ziara ya siku 8, na kampuni iliyotuandalia ilitupa Laodikia dakika 40. Asubuhi hiyo hiyo tulikaa duka la mazulia zaidi ya saa moja na nusu, tukinyweshwa chai na kutandikiwa mazulia ambayo hakuna aliyeyaomba. Kanisa kubwa la karne ya 4 lililogunduliwa hapo Laodikia mwaka 2010 nililiona kwa kukimbia. Safari hii niliiwekea akiba miaka mitatu, na muda wangu ukaliwa na mazulia!

Mengine yalikwenda vizuri. Basi zuri, hoteli safi, supu ya dengu kila jioni ambayo bado naitamani.

Ujue mapema kwamba makanisa saba hayalingani. Thiatira, mji wa Lidia, yule mwanamke muuza nguo za zambarau katika Matendo ya Mitume, leo ni Akhisar, na magofu yake ni kiwanja kilichozungushiwa uzio katikati ya maduka. Filadelfia imebakiwa na nguzo nene za kanisa la kale, majirani wanaanika nguo pembeni. Dakika 20 zinatosha, ila soma barua ya mahali hapo kwa sauti ukiwa umesimama hapo. Sardi sikuitarajia kabisa: sinagogi kubwa la kale lenye sakafu ya vijiwe vya rangi, mlango wa pili na ukumbi wa mazoezi wa Warumi. Wayahudi wale hawakujificha kichochoroni. Pergamo unapanda kwa vibanda vinavyoning'inia kwenye waya, na juu, pale ilipokuwa madhabahu ya Zeu, mungu mkuu wa Wagiriki, unakuta msingi na miti tu. Sanamu zake zilichukuliwa na Wajerumani karne ya 19, ziko Berlin.

Efeso ipe siku nzima. Ingieni kwa lango la juu mteremke, maana mawe ya marumaru yanateleza na jua ni kali. Kila mtu anapiga picha maktaba ya Celsus, nami nilipiga, lakini nilikaa zaidi kwenye ule ukumbi wa michezo wa watu wapatao 25,000, ambamo, katika Matendo ya Mitume, umati uliochochewa na Demetrio mfua fedha ulimshangilia mungu wao wa kike Artemi kwa kelele kama saa mbili. Hekalu la Artemi mwenyewe, moja ya maajabu saba ya dunia ya kale, limebakiwa na nguzo moja ya kuungaunga kwenye kinamasi. Tuliimba ubeti mmoja ukumbini na sauti ikapanda hadi viti vya juu bila kipaza sauti.

Mama mkubwa wangu, miaka 68, ni Mkatoliki. Yeye alikuja kwa ajili ya Nyumba ya Bikira Maria, mlimani juu ya Efeso, ambako mapapa kadhaa wamefika. Mbele yetu kwenye foleni walikuwa kina mama wa Kiislamu wamejifunika, wamekuja kuomba dua nyumbani kwa Mariamu wao. Mama mkubwa aliwashika mikono. Hakuna aliyejua lugha ya mwenzake.

Magoti yanamsumbua, na Pamukkale, kule Hierapoli, ndiko alikopumzika. Unavua viatu, unatembea juu ya chokaa nyeupe, maji ya moto yanakupita miguuni. Alikaa ukingoni saa nzima, akakataa kunyanyuka.

Kabla ya kulipa, dai ratiba yenye saa za kila kituo kwa maandishi, uliza kama viingilio vimo, na kataa maduka waziwazi. Mwakani, Mungu akipenda, narudi na walimu wenzangu. Kampuni nyingine nimeshaiandikia: Laodikia nataka asubuhi nzima.