Helikopta ya remoti: inashika kimo, haishiki mahali

Helikopta hii nimeirusha kiangazi chote hapa Kiamunyi, Nakuru, pamoja na mpwa wangu wa miaka kumi na mitatu, na naipendekeza bila wasiwasi. Ni imara, inaitikia haraka, na bei yake mtu wa kawaida anaweza kuimudu akijipanga. Lakini kuna jambo moja ambalo halikuandikwa kwenye boksi na muuzaji hakulitaja, nalo kwangu ndilo linaloamua kama mtu atairusha kwa raha au atamjeruhi mwenzake. Inashika kimo, haishiki mahali.

Ndani yake mna baromita ndogo inayopima mgandamizo wa hewa. Helikopta ikishuka kidogo au ikipanda kidogo, mgandamizo unabadilika na mota kubwa inaongeza au kupunguza kasi yenyewe. Ndiyo maana ukiachilia kijiti cha kushoto, kinarudi katikati na helikopta inabaki ikielea kimo kile kile. Kwa anayejifunza hilo ni jambo kubwa sana, kwa sababu helikopta za zamani zilidai uchezee mota kila sekunde ili zisidondoke. Sasa shida iko hapa: wengi wetu tumeona droni za wapiga picha harusini, zile zenye GPS, zinavyosimama angani kama zimepigiliwa msumari. Mtu anadhani hii nayo ni vivyo hivyo. Hii haina GPS wala kamera ya kutazama ardhi. Inajua iko juu kiasi gani, haijui iko juu ya nini. Upepo mdogo ukipita, inaondoka nao polepole, kimo kikiwa hakijabadilika hata kidogo. Shusha macho ujibu simu, ukiyainua utaikuta juu ya barabara ya boda boda.

Kwa hiyo kijiti cha kulia, kile cha kuipeleka mbele, nyuma na pembeni, kidole hakitoki pale mpaka mapanga, yaani mabawa yanayozunguka juu, yasimame. Hili ndilo nililomfundisha mpwa wangu kabla ya jambo lingine lolote. Akiniambia, "Mjomba, imetulia sasa," namjibu kwamba haijatulia, upepo ndio umetulia.

Na upepo wa Nakuru tunaujua. Asubuhi, jua likiwa bado chini, hewa haitikisiki. Ikifika mchana ardhi imepata joto, upepo unaanza kushuka na kupanda, na miezi ya Januari na Februari unakuja na vumbi letu jepesi la majivu ya volkano, wakati mwingine ukijizungusha kuwa kimbunga kidogo katikati ya uwanja. Helikopta hii ni nyepesi, na gramu zake chache hazina ubishi na upepo wa namna hiyo. Sisi tunarusha asubuhi tu. Kipimo changu ni majani ya mgreveria ulio kando ya uwanja: matawi membamba yakianza kuyumba, tunafunga.

Mwinuko nao unahesabika. Nakuru iko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na huku hewa ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu sehemu moja ya sita. Mapanga yanayosukuma hewa nyepesi lazima yazunguke kwa kasi zaidi ili kubeba uzito ule ule, na kasi hiyo inalipwa na betri. Boksi linaahidi dakika 15. Hapa kwetu taa ya onyo inaanza kuwaka na kuzima mapema kuliko hapo, na sioni kwamba ni udanganyifu wa mtengenezaji. Aliyeko Kisumu, kwenye mita kama 1,130, atapata muda mrefu kidogo, na aliyeko Eldoret atapata mfupi kuliko wangu. Muhimu ni hili: betri ikikaribia kuisha, helikopta inashuka yenyewe, taka usitake. Inashuka pale ilipo. Ikiwa juu ya mtaro au juu ya mabati ya jirani, huko ndiko itakakotua. Taa ikianza tu kuwaka na kuzima, irudishe.

Nikiambiwa nitaje sehemu moja ya kazi hii inayodharauliwa, ni sekunde chache za kuiwasha. Washa remoti kwanza, ndipo uwashe helikopta. Kuzima ni kinyume chake: helikopta kwanza, remoti mwisho. Ukizima remoti kwanza unabaki na chombo chenye mapanga na umeme lakini kisicho na mwenyewe. Kisha, ukishaiwasha, iweke chini mahali tambarare na uondoe mkono. Usiiguse. Wakati huo jairoskopu, kifaa cha ndani kinachohisi mwinamo, inajifunza "sawa" ni ipi, na taa ikiacha kumeta imeshamaliza. Ukiiweka kwenye kokoto au juu ya nyasi zilizolalia upande, itaamini kwamba ule mwinamo ndio usawa, na ikipaa itavuta upande huo huo muda wote, nawe utafikiri ni mbovu. Mimi nimebeba kipande cha plaiwudi chenye upana wa daftari mbili, nakikanyaga kikae vizuri ardhini, ndicho uwanja wetu wa ndege. Ikivuta hata baada ya hapo, vitufe vidogo vya kurekebisha kando ya vijiti vinamaliza kazi. Unabonyeza upande wa pili wa inakovutia, kimoja kimoja.

Kabla ya kuwasha natazama mapanga. Parafujo zinazoyashika zisikazwe mpaka mwisho. Panga linapaswa kucheza kidogo ukiligusa kwa kidole, ili likigonga kitu lijikunje badala ya kuvunjika, na likizunguka lijinyooshe lenyewe. Kijana akipata bisibisi anataka kukaza kila kitu, hapo mkataze. Panga lenye ufa, hata wa unywele, linatupwa. Pia napitisha brashi ndogo ya rangi kwenye gia ya chini, kwa sababu vumbi la hapa likijipaka pale kwenye grisi linageuka msasa.

Jambo lililomtatiza mpwa wangu ni uso wa helikopta. Mkia ukiwa upande wako, kulia ni kulia. Pua ikigeuka kukutazama, kulia kwako ni kushoto kwake, na vidole vinachanganyikiwa wakati ule ule ambao hakuna nafasi ya kufikiri. Dawa niliyompa ni kurusha mkia ukiwa upande wake mpaka mikono izoee, na ikitokea imemgeukia, asukume kijiti kuelekea upande ule inakolalia. Ikilalia mkono wake wa kushoto, asukume kushoto, itainuka. Jaribu uone, inafanya kazi kila mara.

Lingine lenye uzito ni kuzima kwa dharura. Kwa kuwa helikopta inashika kimo, kuachilia vijiti si kuizima. Ikianguka kwenye nyasi na wewe umeachilia kila kitu kwa hofu, baromita inaendelea kudai ipande, mota inaendelea kusukuma, mapanga yanajipiga ardhini mpaka kitu kivunjike au mota iungue. Lazima uvute kijiti cha kushoto chini kabisa ukishikilie hapo, au ubonyeze kile kitufe cha kusimamisha. Tulilifanyia mazoezi helikopta ikiwa chini, kimo cha kifundo cha mguu: mimi napiga kelele "Kata!" naye anakata. Siku ile kuku wa jirani walipokurupuka kutoka kwenye ua na kuingia uwanjani, nilipaza sauti, na mapanga yalikuwa yamesimama kabla sijamaliza neno. Nilijivunia kijana yule kweli kweli.

Watoto ni suala lenyewe. Rusha kitu chochote Kiamunyi na kabla hujakifikisha kimo cha mlango umezungukwa. Siwafukuzi, maana furaha yao ndiyo sehemu tamu ya asubuhi yetu. Tunaweka sandali zao mstari mmoja, mbali na plaiwudi, upande ule upepo unakotoka, na nyayo hazivuki sandali. Mmoja wetu anarusha, mwingine hatazami helikopta kabisa; anatazama watoto, barabara na anga. Anga kwa sababu ya mwewe. Mwewe wa hapa ni jasiri na anaweza kukishukia kitu kidogo kinachoelea. Akianza kuzunguka juu, tunatua. Mapanga ni ya plastiki, lakini jicho halijui hilo, na ncha zake zinakwenda kasi sana. Anayerusha anavaa miwani, na mwenye nywele ndefu au leso inayopeperuka anaifunga. Hakuna kuidaka kwa mkono, hata kama umeona mtu akifanya hivyo kwenye video.

Nyaya za umeme nitazitaja mara moja. Ikinasa kwenye waya, imekwenda. Hakuna fito, hakuna kupanda nguzo, hakuna kumtuma kijana. Piga simu kwa kampuni ya umeme au uiache pale.

Kuhusu sheria, Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya, KCAA, ndiyo inayosimamia vyombo visivyo na rubani, na kanuni zake za 2020 zinaweka ukomo wa futi 400 kutoka ardhini na zinataka ukae mbali na viwanja vya ndege na watu wasiohusika. Kabla hujaagiza droni yoyote kutoka nje, waulize wao kwanza kuhusu kibali na usajili, kwa sababu forodhani ndiko vinakokamatwa. Hii yangu haifiki popote karibu na futi 400, remoti yake haina nguvu hiyo, lakini mahali ni mahali: Lanet kuna kambi ya jeshi na uwanja wa ndege, kwa hiyo sirushi upande huo. Vilevile usibebe chombo kama hiki kwenda Mbuga ya Ziwa Nakuru ukidhani utawarusha flamingo kwa picha nzuri. Bila ruhusa ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori hairuhusiwi, na ndege wanaofurushwa wakila wanapoteza nguvu wanayoihitaji.

Betri ndiyo inayonifanya nisimwachie mpwa wangu chombo chote. Ni ya lithiamu polima, ya seli moja, volti 3.7, ikijaa inafika 4.2. Ni ndogo kama kiberiti na ina hasira. Ikitoka kurushwa ina joto. Iache ipoe kabla ya kuichaji. Chaji ukiwa macho, juu ya sakafu ya saruji au kigae, si juu ya kitanda wala kochi, na si usiku watu wakiwa wamelala. Usiiache ndani ya gari lililoegeshwa juani. Ikivimba kama mto, hata kidogo, imekwisha kazi: usiichaji tena, usiitoboe. Na tafadhali, kwa sababu wengi wetu tunachoma taka shimoni nyuma ya nyumba, hakikisha haiingii shimoni humo. Ikishika moto inatoa moshi wa sumu na mwali unaoruka. Yangu iliyovimba niliirudisha kwa fundi wa simu mjini, ambaye huzikusanya pamoja na za simu.

Malalamiko ninayo mawili. Karatasi ya maelekezo imeandikwa kwa herufi ndogo mno, na sehemu ya kuzima kwa dharura, ambayo ilistahili kuwa ya kwanza, iko ukurasa wa mwisho. Pili, duka nililonunulia, lile la mjini, lilikuwa na helikopta nzima rafuni lakini halina kipuri hata kimoja. Mapanga makubwa yalikuja mawili ya akiba ndani ya boksi, ila rota ya mkia, lile panga dogo la nyuma, haikuja, na hiyo ndiyo inayovunjika kwanza kwa sababu mkia ndio unaogusa chini ukitua vibaya. Bila rota ya mkia helikopta inajizungusha yenyewe hewani na haiongozeki.

Mtoto wa chini ya miaka kumi na minne asirushe bila mtu mzima kando yake. Mtu mzima asiye na uwanja karibu, anayeishi ghorofani au kwenye ploti iliyobanana, nunua ile ndogo ya kurushia ndani yenye rota mbili, moja juu ya nyingine, zinazozunguka kinyume, ni tulivu zaidi. Lakini mwenye uwanja na asubuhi mbili za wiki, chukua hii. Chukua na betri ya pili, ili ya kwanza ipate muda wa kupoa. Na kabla hujatuma pesa kwa M-Pesa, uliza kama wanauza rota ya mkia peke yake. Wakisema hawana, nenda duka lingine.