Mikwaruzo ya gari Mtwara: ununue nini kwanza, na nini ukiache dukani

Simamisha gari jeusi juani pale Shangani, saa nne asubuhi, kisha tazama boneti kwa upande. Utaona vijistari vyembamba vimeuzunguka mwanga wa jua kama utando wa buibui. Hakuna aliyeligonga gari hilo. Vijistari hivyo vimeletwa na kitambaa. Gari limelala nje, asubuhi lina umande na vumbi, tunachukua kitambaa kikavu, tunafuta kioo, halafu boneti, halafu milango. Mchanga wa pwani ni mgumu kuliko klia, ile tabaka angavu inayoilinda rangi, na vumbi jekundu unalorudi nalo kutoka Newala au Tandahimba msimu wa korosho nalo lina chembe za mchanga ndani yake. Mimi nilifuta umande hivyo miaka miwili, nikidhani nalitunza gari.

Kwa hiyo hela ya kwanza si ya dawa. Nunua ndoo ya pili na glovu ya maikrofaiba ya kuoshea. Ndoo moja iwe na shampuu ya gari, nyingine maji matupu ya kusuuzia glovu kila unapomaliza sehemu. Mwagia maji mengi kwanza ili mchanga uondoke kabla hujagusa bodi, na dodoki liache bafuni. Bila hivyo, yote nitakayoyapanga hapa chini utayanunua tena mwakani.

Halafu pima. Pitisha ukucha juu ya mkwaruzo taratibu. Ukipita bila kukwama, mkwaruzo uko ndani ya klia na polishi itautoa. Ukikwama, polishi itaupunguza makali tu, haitaufuta. Ukiona praima, ile rangi ya msingi iliyo chini, au chuma, hapo ni kazi ya rangi. Kumbuka pia kwamba klia ya gari la kiwandani kwa kawaida ni kama maikroni 40 hadi 50, yaani karibu nusu ya unene wa karatasi ya daftari. Kila unapopolishi unakula kidogo katika hiyo, na hairudi.

Nafasi ya kwanza naipa mashine ya polishi ya aina ya DA. Herufi hizo utaziona kwenye boksi. Pedi yake inazunguka na wakati huohuo inayumba pembeni, na ukiikandamiza kupita kiasi inaacha kuzunguka. Ndiyo maana ni vigumu mtu asiye fundi kuunguza rangi nayo. Tafuta yenye sahani ya inchi 5, yenye kidude cha kubadili kasi, na uulize kabla ya kulipa kama pedi zake zinapatikana zikiuzwa peke yake; mashine isiyo na pedi za akiba ni mzigo. Nunua pedi za sponji tatu au nne, kwa sababu moja ikijaa polishi na vumbi la klia inaacha kukata. Chupa moja ya polishi ya wastani inatosha kuanzia, ikiwa na maelezo kwamba haina silikoni wala vijazio, yaani vitu vya kuziba mikwaruzo bila kuiondoa. Ni ghali kuliko vyote, sikatai, lakini gari halihitaji kazi hii kila mwezi. Majirani watatu wakichanga, mashine moja inawatosha kwa miaka.

Namna ya kuitumia ndiyo inayotenganisha boneti inayong'aa na hela iliyopotea. Osha, kausha, kisha pitisha udongo maalumu wa kusafishia rangi ukiwa na maji ya sabuni, maana magari ya karibu na bahari hushika uchafu ambao shampuu haiutoi. Bandika utepe wa karatasi kwenye kingo na plastiki nyeusi. Fanya kazi asubuhi na mapema bodi ikiwa baridi, kwenye kivuli cha banda au ukuta. Kivuli cha mkorosho au mwembe hakifai, kwa sababu utomvu na majani vitakuangukia kazini. Weka matone manne kwenye pedi, sambaza kwa kasi ndogo, ongeza kasi, kisha tembeza polepole kwenye eneo la sentimita 50 kwa 50, mara moja kwenda na kurudi, mara moja kupanda na kushuka. Mizunguko minne hadi sita, futa, tazama kwa tochi ya simu. Jaribu eneo moja dogo kwanza. Likitoka safi, usitafute dawa kali zaidi.

Nafasi ya pili ni polishi kwa mkono, chupa ileile na pedi ndogo ya sponji. Kwa mwenye Vitz, Passo au IST hii inatosha kabisa kuanzia, na klia ya Toyota nyingi za Japani si ngumu sana, hivyo mkono unaonekana kazi yake. Paa na boneti la Noah kwa mkono ni kazi ya siku nzima, na mara nyingi matokeo hayalingani: hapa pameng'aa, pale pamebaki ukungu. Chagua mkono kwa mikwaruzo ya kwenye vitasa vya milango na pale tawi la mkorosho lilipopiga.

Ya tatu ni rangi ya kugusia, kwa mkwaruzo uliofika chini. Usinunue kwa kukadiria kwa macho. Kwenye kibao cha gari, mara nyingi ndani ya boneti kwenye ukuta wa nyuma ya injini au kwenye nguzo ya mlango, tafuta namba ya rangi: kwa Toyota, 040 ni nyeupe, 202 nyeusi, 1F7 fedha. Nyeupe ya lulu, 070, ina tabaka tatu, hivyo kichupa kimoja hakitafanana nayo kamwe. Hata rangi isipolingana vizuri, paka. Chuma kilichoachwa wazi kwenye upepo wa chumvi kinaota kutu upesi, na kutu inakwenda chini ya rangi nzima. Mwenye 040 ajue jambo moja zaidi: magari mengi ya rangi hiyo hayana klia, hivyo pedi ikigeuka nyeupe usishtuke, ni rangi yenyewe inayotoka, punguza mizunguko.

Ya nne ni nta zenye rangi na polishi za kujaza. Zinaficha vijistari kwa mafuta na vijazio, gari linapendeza siku ya harusi, na baada ya kuoshwa mara chache vijistari vinarudi. Si uongo kuzitumia, ila usilipe bei ya kuondoa kwa kitu kinachofunika.

Ya tano, mashine ya kuzunguka tu. Mikononi mwa fundi rangi mwenye uzoefu ni chombo kizuri mno. Nyumbani inaunguza kingo kwa sekunde chache, na inaacha madoa ya duara yanayoonekana usiku chini ya taa za kituo cha mafuta.

Msasa wa maji namba 2000 au 3000 mwachie fundi. Grenda iliyofungwa pedi usiikubali hata kwa bure. Mwendo wake ni mkubwa mno kwa rangi. Dawa ya meno ni ya meno.

Ukimaliza, paka nta au kinga ya rangi siku hiyohiyo, kabla gari halijalala nje. Na kesho asubuhi, umande ukiwa bado juu ya boneti, washa wipa kwa ajili ya kioo, uiache bodi ikauke yenyewe.