Kibanda cha Vitabu vya Mtumba Mwembe Tayari na Rafu Yake ya Utoto wa Vijijini Uingereza

Miongoni mwa vibanda vya vitabu vya mtumba vya upande wa Mwembe Tayari, Mombasa, kimoja kinastahili kutajwa kwa sababu ya rafu yake ya chini kabisa, ambayo mwenyewe ameijaza kumbukumbu za watu waliokulia katika vijiji na miji midogo ya Uingereza. Juu yake kuna vitabu vya shule na riwaya za mapenzi, ambavyo havina la kuandikiwa kwa kuwa vinapatikana kila kona ya mji na kwa bei ile ile.

Vitabu vya rafu hiyo vingi ni vyembamba, vimechapishwa na waandishi wenyewe au na vyama vidogo vya historia ya kijiji, na baadhi vingali na muhuri wa maktaba pamoja na karatasi ya tarehe za kurudisha iliyogandishwa ndani ya jalada. Mwenye kibanda hupima thamani ya kitabu kwa unene wake, hivyo kijitabu cha kurasa 90 hutoka kwa shilingi 100, ilhali riwaya nene isiyo na maana huulizwa mara tatu ya hapo. "Hivyo vya Wazungu na utoto wao chukua tu, mwanangu, havina mnunuzi," mzee huyo aliniambia, na ni jambo la kusikitisha iwapo ni kweli.

Msomaji wa hapa Mombasa atayakuta humo mambo mengi anayoyafahamu. Pauni yao ilikuwa na shilingi 20 kama ile waliyoihesabu wazee wetu, ingawa shilingi ya huko iligawanywa kwa peni 12 na ya kwetu kwa senti 100. Hesabu hiyo ya peni ilidumu mpaka tarehe 15 Februari 1971. Waliokunywa maziwa ya Nyayo, yaliyoanza kugawiwa shuleni mwaka 1979, watatabasamu kusoma juu ya chupa ndogo za theluthi ya painti walizopewa watoto wa Uingereza bila malipo tangu mwaka 1946, ambazo wakati wa baridi ziligandishwa na barafu na mwalimu akaziweka kando ya jiko ziyeyuke. Kadhalika mtihani wa umri wa miaka 11, uliotokana na sheria ya elimu ya mwaka 1944, hauhitaji kufafanuliwa kwa mtu aliyewahi kusubiri matokeo ya darasa la nane: mmoja alikwenda shule ya wateule, ndugu yake akapelekwa shule ya kawaida, na waandishi wengi wanakiri kwamba tangu hapo hawakuzungumza tena kama zamani.

Kitabu kilichonivutia zaidi kinaeleza siku ya kufua, ambayo kwa desturi ilikuwa Jumatatu. Maji yalichemshwa tangu alfajiri katika pipa la shaba lililojengewa jiko chini yake, nguo zikapitishwa katika mashine ya mkono yenye miti miwili ya mviringo iliyokamua maji, na chakula cha mchana kikawa nyama baridi iliyobaki Jumapili, maana hakuna mwanamke aliyekuwa na nafasi ya kupika. Mwandishi anakumbuka mpaka kazi yake mwenyewe, ambayo ilikuwa kuzungusha mkono wa mashine bila kuponda vifungo. Ningeshauri mnunuzi atafute vitabu vya namna hii, vinavyosema choo kilikuwa wapi, nani aliteka maji na mkate ulinunuliwa kwa peni ngapi, na aviache vile vinavyolia kwa kurasa nzima kwamba zamani kila mtu alikuwa mwema na hakuna aliyefunga mlango. Wanaolia hivyo mara nyingi ni wale waliokihama kijiji wakiwa vijana na hawakurudi kuishi humo.

Jambo moja nalilalamikia katika rafu nzima. Katika vitabu kadhaa mtoto anakumbuka kisanduku cha mchango cha shule ya Jumapili, kilichotiwa peni kwa ajili ya misheni za Afrika; mwandishi hulitaja jambo hilo kwa sentensi mbili, kisha akaendelea na keki za sikukuu ya mavuno. Sisi hatuwezi kupita hapo upesi namna hiyo. Church Missionary Society, jumuiya ya wamisionari wa Kianglikana ya Uingereza iliyotegemea michango ya makanisa kama hayo, ndiyo iliyomtuma mmisionari Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844, na ndiyo iliyoanzisha makazi ya watumwa walioachiwa huru ya Frere Town mwaka 1875, ambayo kengele yake imeipa Kengeleni jina lake mpaka leo. Kila siku maelfu ya watu hupita hapo kwa matatu wakielekea Nyali na Kisauni. Katika vitabu vyote nilivyovisoma kutoka rafu hiyo, hakuna mwandishi aliyejiuliza akiwa mtu mzima peni yake iliishia wapi, na huo ni upungufu wa vitabu, si wa mwenye kibanda.

Upungufu wake yeye ni wa uhifadhi. Joto na unyevu wa pwani havina huruma kwa karatasi, na rafu ya chini hupata vumbi la barabara pamoja na maji ya mvua za masika, kwa hiyo mnunuzi afungue kitabu katikati, akinuse, na aangalie kama gundi ya mgongo ingali inashika. Vyenye madoa ya ukungu aviache hata akipunguziwa bei, maana huambukiza vingine nyumbani. Malipo hupokewa kwa M-Pesa au taslimu, risiti haitolewi, na mzee hukubali kumwekea mteja kitabu kwa wiki moja bila rubuni. Ijumaa hufunga kabla ya adhuhuri na kufungua tena alasiri. Mzigo mpya hufunguliwa mwanzoni mwa mwezi, na anayetaka kuchagua kwanza na amwachie namba ya simu.