Mtoto njiti: kifua cha mama au inkubeta?

Mtoto akizaliwa na kilo 1.6, ndugu wakifika wodini huuliza kwanza: inkubeta, ile mashine ya kumpa mtoto joto, iko wapi? Hofu yao naielewa, ila kifua cha mama nacho ni tiba: mtoto hufungwa kifuani ngozi kwa ngozi, njia inayoitwa kangaruu.

Kwa gharama, kangaruu inashinda kwa mbali: kofia, soksi, nepi na kanga ya kumfunga mtoto. Inkubeta inataka umeme usiokatika, fundi na usafi wa kila siku. Wakilazwa watoto wawili pamoja ndani yake, maambukizi hupita upesi. Kifuani, ziwa liko karibu na joto halizimiki. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021, Tanzania ikiwemo, ulionyesha kwamba kuanza kangaruu mara tu baada ya kuzaliwa, bila kusubiri mtoto atengemae, kulipunguza vifo vya siku 28 za mwanzo kwa asilimia 25.

Lakini kangaruu inataka mtu, masaa 8 hadi 24 kwa siku. Mama aliyejifungua kwa upasuaji akichoka, baba au bibi ashike zamu. Mama akiwa mahututi na hakuna wa kumpokea, au mtoto ana manjano (ngozi na macho kuwa ya njano) na anatibiwa kwa mwanga, hapo inkubeta huweza kusaidia.