Nilimpandisha mama London Eye: uzoefu wangu

Mama yangu amekulia Lushoto, na tangu aolewe anaishi Tanga mjini, Chumbageni. Miaka yote hiyo hajakubali kupanda hata pembea za Idd. Tulipokwenda London kumsalimia dada yangu, nilikata tiketi za London Eye, gurudumu kubwa linalopandisha watu juu kutazama jiji, bila kumwambia ni kitu gani. Hilo nalijutia, mzee anastahili kuambiwa mapema. Alipoliona gurudumu lenyewe kando ya mto Thames alinishika mkono: "Mwanangu, mimi kule siendi."

Dada akamwomba tukae kwanza tulitazame. Lina kimo cha mita 135, lakini linakwenda sentimita 26 tu kwa sekunde. Mtu atembeaye taratibu analipita. Kwa kawaida halisimami abiria wanapopanda, ila kwa mwenye kiti cha magurudumu husimamishwa. Baada ya kulitazama kwa muda, mama mwenyewe akasema, "Haya, bismillahi." Goti lake bovu, mhudumu akampa mkono, hatua moja tu akawa ndani.

Wala msidhani unaning'inia. Ni chumba cha kioo chenye umbo la yai, kinabeba hadi watu 25, na katikati kuna benchi. Kila chumba kina mota zinazoweka sakafu sawa wakati gurudumu likizunguka. Mimi sikusikia kuyumba hata kidogo. Vyumba ni 32, ila namba zinafika 33, maana 13 imerukwa. Wenyeji wengi huiona ina nuksi.

Robo ya kwanza mama alikaa kwenye benchi, macho chini. "Irente nasimama juu ya mwamba," akasema, akikumbuka genge la kutazamia mandhari kule kwao Lushoto. "Hapa nimesimama juu ya nini?" Sikuwa na jibu. Kisha akauona mto, akainuka.

"Kumbe na hapa maji yanakupwa!"

Kweli, kingo zilikuwa matope matupu, boti zimekaa chini kabisa ya kuta, kama Pangani pale kivukoni maji yakitoka. Thames inapokea maji ya bahari katikati ya jiji lote hadi Teddington, upande wa magharibi, na siku za bamvua, yaani za maji makubwa, yanaweza kupanda zaidi ya mita 6. Dada ameishi kule miaka mingi na hakuwahi kulitia maanani. Mama alilitambua kwa kutazama rangi ya ukuta tu, na tangu hapo akawa ndiye anayetuonyesha vitu.

Juu kabisa, mnara wa saa wa Bunge, ambao watu huuita Big Ben, unautazama kwa chini. Una mita 96. Upande wa pili kuna kuba la kanisa la St Paul's. Siku zote tulikuwa tunapita chini ya ardhi kwa treni, tunaibuka hapa, tunaibuka pale. Pale juu ndipo nilipoelewa mji umekaaje.

Mzunguko mmoja ni kama nusu saa. Kwangu pesa yangu haikupotea. Kateni tiketi mtandaoni mapema, msiende siku ya ukungu, na kama mna mzee wa pwani, angalieni saa za kupwa na kujaa kabla ya kuchagua muda. Sisi tukirudi tutapanda maji yakiwa yamejaa. Mama ameshasema.